Kanisa la Mawe la Durham na Mkono Uliolichora



Mara nyingi katika mikutano ya wazee wa kanisa huulizwa swali hili: tukijenga kanisa jipya katika kiwanja cha shule, tulijengeje lipate kupatana na majengo yaliyotangulia? Wengine husema, na liige nyumba za kale kwa kila kitu. Wengine husema, la, kila zama na zake, na lijengwe kwa namna ya siku hizi. Twapenda kuwasimulia habari za mahali tulipopazuru katika nchi ya Marekani, ambapo swali hili lilijibiwa kwa mawe, na jibu lake ni zuri. Lakini papo hapo palikuwa na swali la pili, lililohusu watu, nalo lilichukua miaka mingi zaidi kupata jibu. Mwenye kusoma na asome hata mwisho, maana la pili ndilo lenye faida kubwa kwetu.

Mahali penyewe ni Chuo Kikuu cha Duke, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, upande wa kusini wa nchi ile. Ni nchi ya vilima vidogo vidogo, udongo mwekundu na misonobari mingi. Mtu aingiaye kwa barabara ya kanisa huona kwanza miti tu, huku na huku. Kisha mbele yake, katikati ya njia, hutokea mnara. Barabara imenyoka kuuelekea mnara huo kama uzi wa mwashi, na kila mtu apandapo huuona ukikua, mpaka afikapo chini yake na kulazimika kuinua uso. Urefu wake ni futi 210. Sisi tuliozoea minazi tulipima kwa macho, tukaona ya kuwa minazi mitatu mirefu ingalipandana mmoja juu ya mwenziwe, ndipo kuti la juu lingefika kileleni.

Mbele ya kanisa pana uwanja wa majani, na majengo ya chuo yamepangwa kwa namna inayofanana na msalaba. Upande mmoja ni madarasa na maktaba, upande wa pili ni mabweni ya wanafunzi. Na pale pande hizo zikutanapo ndipo lisimamapo kanisa. Kijana atokaye kulala kwenda kusoma hana budi kupita karibu na mlango wake. Hata asiyeingia hawezi kusema kwamba hakuliona.

Sasa tueleze asili ya mambo haya. Chuo hiki kilianza kama shule ndogo ya mashambani mwaka 1838, shule ya Wamethodisti na Marafiki. Baadaye kikaitwa Trinity College, na mwaka 1892 kikahamia Durham. Katika mji huo ilikaa jamaa ya Duke, waliotajirika kwa biashara ya tumbaku, na baadaye kwa nguvu za umeme utokao katika maporomoko ya mito. Mwezi wa Desemba mwaka 1924, James Buchanan Duke alitenga dola milioni 40 kuwa amana ya kusaidia hospitali, yatima, makanisa ya Wamethodisti wa mashambani, na vyuo kadhaa. Chuo cha Trinity kilipata sehemu kubwa ya mali hiyo, kikawa chuo kikuu, kikachukua jina la jamaa ile.

Mkuu wa chuo siku zile alikuwa William Preston Few. Yeye pamoja na mwalimu mmoja, Frank Brown, walizuru vyuo vya majimbo mengine kutazama namna vilivyojengwa. Waliporudi, moyo wao ulikuwa umeelekea mtindo wa Gothi, ule wa matao yenye ncha na minara mirefu, uliozaliwa Ulaya zama za kale na kutumiwa katika vyuo vya Oxford na Cambridge, na baadaye Princeton na Bryn Mawr huko Marekani. Hapo kwanza walidhani kujenga katika kiwanja cha zamani. Lakini bei ya ardhi iliyokizunguka ilipanda, basi wakanunua msitu ulio upande wa magharibi, mwendo wa kama maili moja na nusu. Hivyo vikawa viwanja viwili. Cha zamani kilijengwa upya kwa matofali mekundu, nyumba zenye nguzo na kuba. Na kipya kikajengwa kwa mawe kwa mtindo wa Gothi.

Bwana Duke aliagiza jambo moja hasa: katikati ya kiwanja kipya liwe kanisa kubwa, lenye mnara upitao majengo yote, kwa kuwa aliamini ya kwamba jengo la namna hiyo lingegusa roho za vijana wajao kusoma. Yeye mwenyewe hakuliona. Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1925, kabla jiwe moja halijawekwa juu ya jingine. Na ingawa kanisa lilikuwa la kwanza katika shauri, katika kazi lilikuwa la mwisho. Wanafunzi waliingia katika majengo mapya mwaka 1930. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa tarehe 22 Oktoba mwaka huo huo. Watu wakaanza kukusanyika ndani yake mwaka 1932. Na tarehe 2 Juni 1935 likawekwa wakfu. Ndiyo kusema, kanisa hili lilijengwa likiwa limezungukwa tayari na nduguze, nalo likapaswa kupatana nao.

Basi lilipatanaje? Walimu wapendao kujenga na wasikilize, maana hapa pana mafunzo matatu.

La kwanza ni jiwe. Wadhamini wa chuo waliletewa mifano ya mawe kutoka majimbo mengi ya mbali, mawe yenye sifa na yenye gharama. Kuta ndogo za kujaribia zikajengwa ili kila jiwe lionekane katika jua na mvua. Mwisho wa kujaribu, jiwe lililochaguliwa halikutoka mbali: lilipatikana karibu na mji mdogo wa Hillsborough, jirani ya Durham, na chuo kikanunua chimbo lake. Ni jiwe gumu lenye rangi nyingi. Vipande vingine ni vya kijivu, vingine vya samawati iliyofifia, vingine vyekundu kama kutu, vingine vya rangi ya majani makavu. Ukuta mmoja una rangi zote hizo, hata kwa mbali huonekana kama kitu kilichozeeka zamani, hali kumbe ni kipya. Jiwe lile lile lililojenga mabweni ndilo lililojenga kanisa. Hivyo kanisa halikuja kama mgeni aliyevaa nguo za sikukuu kati ya watu wa kazini. Lilivaa nguo ya nyumbani. Gharama nayo ikapungua. Ni mara ngapi sisi tumeagiza vitu vya mbali kwa fedha nyingi, na kumbe kilichofaa kilikuwa chini ya kilima chetu wenyewe?

La pili ni kipimo. Majengo yote ya uwanja ule yana tao lenye ncha, na paa lenye mteremko mkali, na madirisha membamba. Kanisa nalo lina tao lile lile na mteremko ule ule, ila limeyakuza. Mistari yake yote huvuta macho kwenda juu. Mnara wake umefuata mfano wa mnara mkubwa wa kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, wa karne ya 15. Lakini haukunakiliwa kama mtoto anakilivyo hesabu ya mwenziwe. Mchoraji alitwaa sheria ya mnara ule, yaani namna ya kupunguza uzito kadiri unavyopanda, akaifanyia kazi kwa jiwe la North Carolina. Kupatana ni kama kuimba: sauti ya nne haiimbi maneno mengine, wala haiimbi kwa sauti ya kwanza, na wimbo huwa mmoja.

La tatu ni mahali. Nyumba hii haikuhitaji mapambo mengi ya nje ili ionekane kuwa ni kuu, kwa sababu iliwekwa mahali pakuu. Njia zote huielekea. Tumeona kwetu makanisa mazuri yaliyofichwa nyuma ya ghala na choo, kisha watu wakaongeza rangi na nakshi ili yaonekane. Kama lingepangwa kwanza lile lililo la kwanza, nakshi hazingehitajika.

Twaliingia ndani. Mlio wa viatu vyetu ulisikika, kisha ukapotea juu, maana dari iko mbali. Nyumba ya namna hii hujengwa kwa hekima ya kale: uzito wa dari hukusanywa na matao, matao huupeleka kwenye nguzo, na nguzo huegemezwa kwa nje na mihimili ya mawe. Basi ukuta ulio katikati ya nguzo hauna mzigo mkubwa, na mwashi aweza kuufungua uwe dirisha. Madirisha yake ni 77, yamejaa vioo vya rangi vilivyounganishwa kwa risasi, na humo wamo watu wa Agano la Kale na Agano Jipya, mamia kwa mamia. Jua lilipotoka katika mawingu, rangi nyekundu na samawati zilianguka juu ya viti na juu ya mikono ya watu waliokuwa wakiomba. Watu kama 1,800 waweza kuketi humo. Katika kikanisa cha pembeni yamo makaburi ya jamaa ya Duke, baba na wanawe wawili, kila mmoja na sanamu yake ya marumaru iliyolala.

Wala msidhani ya kuwa nyumba ya mawe haina maradhi. Baada ya miaka themanini hivi, vipande vya chokaa na mawe vilianza kulegea darini, na kanisa likafungwa tangu Mei 2015 hata Mei 2016 ili likarabatiwe. Mjengao majengo ya mabati msivunjike moyo. Kila nyumba yataka mtunzaji.

Sasa tumefika kwenye swali la pili. Ni nani aliyelibuni kanisa hili?

Kazi ya kuchora ilipewa ofisi ya Horace Trumbauer, wa mji wa Philadelphia, na kwa desturi ya ofisi ile michoro ilitoka kwa jina la mwenye ofisi. Lakini mkuu wa wachoraji wake, ambaye akili yake iliyabuni majengo ya Duke pamoja na kanisa hili, alikuwa Julian Francis Abele, Mmarekani mweusi. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1881. Mwaka 1902 alimaliza masomo ya kuchora majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuyamaliza masomo hayo chuoni pale. Mwaka 1906 aliingia katika ofisi ya Trumbauer, na mwaka 1909 akafanywa mkuu wa wachoraji. Mkono wake ulishiriki pia katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Philadelphia, na katika maktaba ya Widener ya Chuo Kikuu cha Harvard. Trumbauer alipofariki mwaka 1938, Abele akaendeleza kazi ya ofisi. Mwaka 1942 akapokewa katika chama cha wachora majengo wa Marekani. Na mwaka 1950 akafariki.

Fikirini, ndugu. Mtu huyu aliamua tao lipandeje na mwanga uingilie wapi. Aliwawekea vijana wa watu wengine mahali pa kusoma, pa kulala na pa kumwomba Mungu. Na katika siku zake zote mwanawe mwenyewe asingalipokewa kuwa mwanafunzi wa chuo kile, kwa sababu ya rangi ya ngozi. Sheria na desturi za majimbo ya kusini ziliwatenga watu weusi katika shule, katika magari na katika meza za kulia. Mawe ya chuo yalipatana vizuri. Watu walikuwa bado.

Hata hivyo, hakukukosekana waliosumbuliwa na dhamiri. Mwaka 1948 wanafunzi wa uchungaji wa chuo kile waliandika maombi kwamba watu weusi wapokewe. Hawakusikilizwa wakati ule. Mwaka 1961 wadhamini waliridhia kuwapokea katika masomo ya juu, na katika Septemba mwaka 1963 wakaingia wanafunzi weusi watano wa kwanza wa shahada ya kwanza. Hiyo ni miaka 28 tangu kanisa lilipowekwa wakfu, na miaka 13 baada ya kufa kwake Abele.

Mwezi wa Aprili mwaka 1968, Martin Luther King alipouawa, wanafunzi zaidi ya elfu walikuja kuketi katika uwanja wa majani mbele ya kanisa, wakakaa kimya siku kadhaa, usiku na mchana. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo hili, kwamba wafagiaji, wapishi na watumishi wengine wa chuo, ambao wengi wao walikuwa weusi, waongezewe mshahara. Twaliusimamia uwanja ule, tukaona ya kuwa mjenzi anapoacha nafasi tupu mbele ya mlango wa kanisa, hajui ni nani watakaokuja kuketi pale wala kwa haja gani. Lakini amefanya vema kuiacha.

Na jina la Abele je? Kwa miaka mingi wachache tu chuoni walilijua. Mwaka 1986 wanafunzi walijenga vibanda vya mabati na mbao uwanjani, kuwakumbusha wakuu juu ya mateso ya Waafrika wa Afrika Kusini chini ya utawala wa ubaguzi. Mmoja akalalamika katika gazeti la wanafunzi ya kuwa vibanda hivyo vinaharibu uzuri wa majengo. Ndipo mwanafunzi mwingine, msichana wa ukoo wa Abele, akamjibu katika gazeti hilo hilo: majengo hayo mnayoyasifu aliyabuni jamaa yangu, mtu mweusi, naye mwenyewe alionja ubaguzi katika nchi hii, asingechukizwa na vibanda hivyo. Tangu hapo habari zikaenea. Picha yake ikatundikwa katika jumba la utawala, na mwaka 2016 uwanja mkuu wote, pamoja na majani yaliyo mbele ya kanisa, ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 2012 Luke Powery alikuwa amekwisha kuwekwa kuwa mkuu wa kanisa lile, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo.

Liko jambo moja jingine mlangoni. Katika kuta za mlango mkuu zimechongwa sanamu: wamo wahubiri wa Kimethodisti, yumo Luther, yumo Wycliffe, na kati yao aliwekwa Jemadari Robert E. Lee, aliyeongoza majeshi ya majimbo ya kusini katika vita vya 1861 hata 1865, majimbo yaliyotaka kuudumisha utumwa. Mwezi wa Agosti mwaka 2017, baada ya machafuko katika mji wa Charlottesville, sanamu hiyo ilivunjwa uso usiku, na siku chache baadaye wakuu wa chuo wakaiondoa. Walishauriana mwaka mzima kama waweke mwingine mahali pake. Wakakata shauri pabaki patupu. Twalipatazama. Ni shimo la mawe lenye kivuli, kimo cha mtu, na wageni wengi hupita bila kuliona.

Haya yatufaa nini sisi? Wahenga wamesema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Tukikumbuka Maandiko, twaona ya kuwa Musa hakulificha jina la fundi. Bezaleli mwana wa Uri ametajwa pamoja na kabila lake, na Oholiabu mwana wa Ahisamaki vivyo hivyo. Na Sulemani alipojenga hekalu, kumbukumbu haikuishia kwa mfalme aliyetoa dhahabu. Yumo pia Hiramu wa Tiro, fundi wa shaba, mwana wa mjane. Katika Biblia fundi ana jina. Makanisa yetu mengi yana kibao cha jina la askofu aliyeweka jiwe la msingi na jina la mfadhili wa ng'ambo. Lakini aliyepiga hesabu ya paa, na waliochoma matofali, na akina mama waliobeba maji kwa vichwa vyao mwezi baada ya mwezi, wameandikwa wapi?

Basi twashauri mambo mawili ambayo hayahitaji fedha. Kila mwalimu mwenye shule karibu na kanisa la zamani awatume watoto kwa wazee wangali hai, waulize majina ya waliolijenga, wayaandike katika daftari, na daftari likae katika sanduku la kanisa pamoja na kitabu cha ubatizo. Na kila baraza la wazee linaloanza kujenga, kabla halijachagua jiwe, liulize: watakaobeba jiwe hili, wataketi wapi nyumba ikiisha? Kama yuko mmoja ambaye mikono yake yafaa kazini na yeye mwenyewe hafai kitini, iwe kwa kabila, au kwa umaskini, au kwa maradhi, basi kipimo bado hakijanyoka, hata uzi ukisema umenyoka.

Tukae salama katika Bwana, na majembe yetu yasipate kutu.